Wino Kwenye Kidole cha Pete

Bunge lilivunjwa Jumatatu, posa ya Kimya ikavunjika Jumanne. Nchi ilipewa wiki sita za kujipanga ichague wabunge wapya. Kimya hakupewa hata dakika ya kuuliza kwa nini.

Jina hilo la Kimya alipewa na shangazi yake tangu akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuitikia kwa macho. Alipokua akasomea ualimu wa chekechea, na mtaa mzima ukashangaa: huyu atafundishaje naye hana sauti? Lakini watoto walimwelewa. Mbele yao ulimi wake ulikuwa mwepesi kama wa kasuku. Ni mbele ya watu wazima ndipo ulipokuwa unaganda.

Mchumba wake naye walimwita Barafu. Alikuwa fundi friji, mpole, mtu wa kufungua mashine iliyozimika na kuisikiliza kwanza kabla ya kushika bisibisi. Wawili hao walipoanza kuonekana pamoja, wenye utani wakasema, "Kimya na Barafu! Hiyo nyumba yao si itakuwa ya kuhifadhia nyama?"

Walicheka wote, na wao wenyewe wakacheka. Kilichovunja posa ni mzaha mwingine.

Siku wazee wa Barafu walipokuja, mama yake alifuatana nao. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mwenye mdomo wa utani uliokomaa huko wodini, ambako mzaha huwasahaulisha wanawake uchungu. Kimya aliingia na sinia la vinywaji, akapiga goti, akasalimia kwa sauti ya kusikiwa na sinia tu. Mama Barafu akamtazama, akawageukia wenzake: "Jamani, huyu mbona hasemi? Tusije tukauziwa redio haina betri."

Wanaume walicheka. Shangazi, ambaye ndiye aliyemlea Kimya tangu wazazi wake walipofariki, hakucheka. Kesho yake asubuhi aliirudisha posa na ujumbe wa maneno matatu: "Redio yetu haiuzwi."

Barafu alimfuata Kimya kwenye geti la shule. "Mwalimu," alimwambia, maana hivyo ndivyo alivyozoea kumwita, "nimesikia ya shangazi. Nataka nisikie yako."

"Shangazi akishasema," Kimya alijibu akitazama viatu vyake, "mimi nitasema nini?"

Barafu alisubiri sentensi ya pili. Haikuja. "Sawa, Mwalimu," akasema taratibu, akaondoka. Hazikupita siku nyingi Kimya akasikia kwamba amepata kazi kwenye kampuni ya vyumba vya baridi, upande wa pili wa nchi, na kwamba anangoja tu apige kura, kisha siku hiyohiyo apande basi la saa nane.

Basi asubuhi ya uchaguzi ilipofika, Kimya alijua jambo moja. Kama ana neno la kumwambia yule mwanamume, siku ya kulisema ni hiyo. Na alijua la pili: siku hiyo hakuruhusiwa kusema.

Kwa sababu uchaguzi ulikuja ghafla, makarani walitafutwa kwa haraka, na walimu ndio waliokuwa karibu. Kimya alipangiwa meza ya wino, katika darasa lake mwenyewe. Kwenye mafunzo, msimamizi wa kituo, mzee aliyestaafu ualimu wa hesabu, aliwaambia, "Karani wa wino ana maneno mawili tu. *Kidole*, na *asante*. Ukiongeza la tatu, umeanza kampeni." Kimya alifurahi. Kazi hiyo ilikuwa kama imeshonwa kwa kipimo chake.

Asichokijua ni nani wangekuja kuwa mawakala wa vyama. Mama Barafu alijitokeza kulinda kura za chama cha Birika. Shangazi aliposikia, akaenda mbio kujiandikisha kwa chama cha Ngazi, ambacho mpaka siku hiyo hakuwahi kukipa hata salamu. "Haiwezekani," alisema, "yule mwanamke akae ndani ya darasa la mwanangu, mimi nimesimama nje napigwa na jua."

Kwa hiyo saa moja kamili asubuhi, wanawake wawili wazito walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu kwenye kibenchi cha watoto wa miaka mitano, magoti yakiwa karibu na videvu.

"Mzee msimamizi," Shangazi alianza kabla kura ya kwanza haijapigwa. "Pale ukutani kuna picha. A, andazi. B, birika. Hiyo ni kampeni."

"Mama, hizo ni herufi za watoto."

"Birika ni birika. Ifunikwe."

Msimamizi alichukua gazeti akaifunika. Mama Barafu akanyoosha shingo dirishani. "Na mimi naona ngazi pale nje, imeegemezwa ukutani mchana kweupe."

"Ni ya fundi wa paa, mama."

"Ngazi ni ngazi. Ilazwe."

Ngazi ikalazwa. Kutoka hapo wakanyamaza, kila mmoja akilinda sanduku la kura na kumlinda mwenzake. Hakuna aliyekubali kwenda hata msalani kumwacha mwingine peke yake.

Foleni ilianza kusogea. Mtu alikuwa anahakikiwa jina, anapewa karatasi, anaingia kwenye kibanda, anatumbukiza kura, kisha anafika kwa Kimya pale mlangoni. "Kidole," anasema Kimya. Anakishika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, anakipaka wino kwa kijiti, kuanzia kwenye kucha hadi kwenye ngozi. "Asante." Vidole vya wachuuzi, vya wahasibu, vya bibi vilivyokunjika kama mizizi ya tangawizi. Alivishika vyote kwa upole uleule wa kushika mkono wa mtoto anayejifunza kuandika.

Jua lilikuwa limeshapanda Barafu alipoingia.

Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri. Begi lake aliliacha nje chini ya dirisha, na Kimya aliliona: kubwa, limefungwa kamba katikati, begi la mtu asiyerudi wikiendi. Aliwageukia wale mawakala. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama yake.

"Marahaba," alisema Shangazi, akiiambia dari.

Barafu alipiga kura yake bila haraka. Kimya alisikia karatasi ikianguka ndani ya sanduku. Alisikia viatu vikija. Kisha mkono ukawekwa juu ya meza yake, na hakuhitaji kuinua macho kujua ni wa nani. Alama ya kuungua kwa moto wa kuchomelea mabomba ilikuwa palepale, karibu na kiungo cha kidole gumba.

Mwezi mmoja kabla ya ile posa, alasiri moja katika karakana iliyojaa majokofu yasiyo na milango, Kimya aliushika mkono huo na kuuzungushia uzi kwenye kidole ili wajue kipimo cha pete. Barafu alitekenyeka, akacheka mpaka uzi ukaanguka mara mbili. "Tulia basi," Kimya alimwambia siku hiyo, "mbona watoto wangu wanatulia?"

"Mwalimu," Barafu alisema sasa, kwa sauti ya chini. "Ndiyo naondoka hivyo. Saa nane."

Kimya aliinua macho. Wakatazamana. Macho ya Barafu hayakuwa ya hasira, hayakuwa hata ya lawama. Yalikuwa ya mtu aliyesikiliza mashine kwa muda mrefu, akaridhika kwamba haitawaka, na sasa anakusanya vyombo vyake.

Kimya alitafuta sentensi. Zilikuja kumi, zikabanana kooni, hakuna iliyompisha mwenzake.

"Kidole," akasema.

Akakishika. Akapaka wino polepole, akiwa bado anamtazama usoni. Alipaka vizuri, kuanzia kwenye kucha hadi kwenye ngozi. "Asante," akasema, na hapohapo sauti mbili zikalipuka kwa pamoja kutoka kwenye kibenchi:

"Siyo hicho!"

Tangu siku ya posa, ndiyo mara ya kwanza Shangazi na Mama Barafu kukubaliana.

Kimya alitazama chini. Mkono wake ulikuwa umekwenda ulikokuzoea. Kidole kidogo cha Barafu kilikuwa kisafi kama kilivyozaliwa. Kilichometameta kwa wino ni jirani yake.

Msimamizi alikuja, akarekebisha miwani. "Karani, hiki ni kidole gani?"

"Cha pete, mzee."

Kicheko kilianzia mlangoni, kikasafiri nje kwenye foleni.

"Na kanuni inasemaje?"

"Kidole kidogo."

"Ngoja kwanza," alisema Shangazi, akijinasua kutoka kwenye kibenchi. "Mimi kama wakala nataka kujua. Isije ikawa ni alama ya siri. Hii ni bahati mbaya au makusudi?"

"Hata mimi nataka kujua," alidakia Mama Barafu. "Tena mimi ndiye niliyekizaa hicho kidole."

"Mzee," Barafu aliingilia kwa utulivu, "kosa ni langu. Nilisogeza mkono vibaya. Karani hana hatia."

Msimamizi alimwangalia Kimya, akingoja aitikie kwa kichwa, mambo yaishe. Ilikuwa njia nyepesi kabisa. Barafu alimfungulia mlango apite, kama alivyokuwa akimfanyia siku zote, na Kimya aliona wazi mwisho wake: angeinamisha kichwa mara moja, Barafu angebeba kosa lisilo lake pamoja na begi lake, na saa nane ingefika.

"Hapana," alisema Kimya.

Hata yeye alishtuka kuisikia sauti yake. Ni ile aliyoitumia darasani, ya kufika mpaka dawati la nyuma.

"Hakusogeza mkono. Nimekishika mimi. Kidole nimekosea, mzee, na naomba radhi. Nitapaka kinachotakiwa. Lakini mtu sijakosea."

"Unasemaje wewe?" Shangazi aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Shangazi, umenilea vizuri, na sijawahi kukujibu. Na sasa sikujibu kwa ubaya." Akaishikilia meza. "Siku ile uliwajibu watu wote, ukasahau kuniuliza mimi kama namtaka. Namtaka."

Kijiti cha wino kilibingirika mezani. Kisha mwanamume mmoja kwenye foleni akapaza sauti: "Dada, rudia! Huku nyuma hatujasikia!"

Watu waliangua kicheko, lakini cha upole. Msimamizi aligonga meza kwa kalamu. "Jamani, jamani! Kituo hiki ni cha kura za ubunge tu. Hiyo kura nyingine itahesabiwa huko majumbani. Karani, maliza kazi."

Barafu aliurudisha mkono mezani. Kimya alikipaka kidole kidogo, na safari hii alikuwa anaangalia anachokifanya.

"Nipo nje," Barafu alinong'ona.

"Asante," alisema Kimya, kwa sababu ndilo neno alilobakiwa nalo.

Foleni iliendelea. Vidole vikaja, vikaenda. Halafu, nyuma ya Kimya kwenye kibenchi, Mama Barafu akakohoa.

"Mwenzangu."

"Nafanya kazi," alisema Shangazi.

"Ile ya redio. Nilikosa."

Shangazi aliendelea kulitazama sanduku la kura.

"Mimi nikiogopa natania. Uliza wodini watakwambia. Siku ile niliingia kwenu nikakuta mapazia mpaka jikoni, yamenyooka kama yanapimwa kwa rula. Nikajisemea, hawa watamwona mwanangu si kitu. Mdomo ukatoka mbio kabla akili haijavaa viatu."

"Mapazia yale nashona mwenyewe," alisema Shangazi. "Ndiyo kazi yangu. Ungesema tu, ningekushonea."

"Ndiyo nasema sasa."

Kimya alipaka kidole cha mzee mmoja mara mbili bila kujua. Masikio yake yote yalikuwa nyuma.

"Wewe umezaa," Shangazi aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nimelea wa kaka yangu. Ukimcheka aliyezaliwa na wewe unacheka chako. Ukimcheka huyu, umeniambia nimelea nusu mtu. Na mimi usiku nilikuwa nalala nawaza hilohilo. Kwamba labda nilimzidi nguvu, akakosa pa kuongelea."

"Nusu mtu?" Mama Barafu aliguna. "Baada ya haya ya leo? Mimi nilivyosikia, nimeogopa. Mkwe gani huyu, atatupanga foleni sote."

Shangazi alitoa sauti fupi puani. Mtu asiyemjua angedhani ni mafua. Kimya alijua ni kicheko, tena kilichozuiwa kwa nguvu.

Saa sita na kidogo mwalimu mwenzake alikuja kumpokea ili akapumzike. Kimya alitoka nje. Barafu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bomba la maji, kando ya baraza, begi lake miguuni. Alisimama alipomwona.

Walibaki hivyo kidogo, kila mmoja akimngoja mwenzake, kisha wakacheka.

"Nimejaribu kuosha," Barafu alisema, akinyoosha vile vidole viwili. "Hautoki."

"Unakaa wiki nzima. Hata zaidi."

"Huko niendako wataniuliza. Kidole kimoja ni cha kura. Cha pili nitawaambia ni cha nini?"

"Waambie karani alikuwa mgeni wa kazi."

"Mimi nitawaambia kweli."

Kimya aliona haya, akatazama pembeni, kisha akajilazimisha kumtazama tena. Barafu alikuwa amekonda kidogo. Shingo ya shati ilikuwa imemzidi.

"Mwalimu, kwa nini hukusema siku ile pale getini?"

"Nilidhani kunyamaza ni heshima."

"Mimi nikadhani ni hapana." Alisema bila ukali, kama mtu anayeonyesha mahali waya ulipokatika. "Nimelala na hiyo hapana wiki zote hizi. Hata kazi hii niliiomba kwa ajili hiyo. Nilitaka mahali ambapo sitasikia kengele ya shule yako."

Maneno hayo yalimchoma. Alikaa kwenye ukingo wa bomba, na Barafu akakaa kando yake, kukiwa na nafasi ya mtu mmoja katikati, kwa sababu foleni nzima ilikuwa inawatazama bila hata kujifanya haitazami.

"Nisamehe," alisema Kimya.

"Nimeshasamehe pale ndani. Hata mama yangu hajawahi kunitetea kwa sauti ile." Barafu aliligusa begi kwa ncha ya kiatu. "Sema basi. Niende, nisiende? Ukisema nisiende, hii kamba naifungua sasa hivi."

Moyo wa Kimya ulitaka kusema afungue. Ulitaka sana. Lakini alimfahamu mwanamume huyu, na alijua alivyokuwa akizungumzia vyumba vikubwa vya baridi kama watu wengine wanavyozungumzia majumba ya kifahari.

"Mkataba wao ukoje?"

"Miezi mitatu ya majaribio. Nikifaulu, wananipa nafasi ya kudumu, na nyumba ya vyumba viwili."

"Huko kuna shule za chekechea?"

Barafu aligeuka akamtazama vizuri. "Watoto wako kila mahali, Mwalimu."

"Basi nenda," alisema Kimya. "Nenda ufaulu. Ila usiende kama mtu aliyekataliwa. Nenda kama mtu anayengojwa."

Barafu aliikaza kamba ya begi. Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba kwa mguu kutoka mbali, na ile nafasi ya mtu mmoja katikati yao ikapungua ikawa ya nusu mtu.

"Wewe fundi!"

Waligeuka. Shangazi alikuwa dirishani, kichwa na bega moja nje, sehemu nyingine ya mwili ikiwa imebaki ndani kulinda sanduku.

Barafu alisimama haraka. "Naam, shangazi."

"Basi lako linaondoka saa nane, sivyo? Sasa mbona umekaa kama umefika?"

"Nilikuwa naaga, shangazi."

"Aga vizuri. Halafu sikiliza. Matokeo yakishatangazwa, awe ameshinda nani, awe ameshindwa nani, yule mjomba wako mkubwa aliyeleta posa aje nyumbani. Aje na maneno ya watu wazima. Posa nilirudisha mimi, na mimi ndiye nitakayeipokea."

"Atakuja, shangazi. Asante sana, shangazi."

"Na mimi nitakuja!" sauti ya Mama Barafu ilitoka ndani kabisa.

"Wewe tulia, mwenzangu, chunga kura," Shangazi alimjibu bila kugeuka. "Na ukifika huko, fundi, nipigie simu mimi. Mimi kwanza, nikujue umefika salama. Maana ukimpigia huyu atapumua tu, nawe utadhani mtandao mbaya."

Watu kwenye foleni walicheka. Zamani Kimya angetazama viatu vyake, akangoja kicheko kipite juu ya kichwa chake kama mvua. Sasa alisimama, akaliokota begi la Barafu kwa mikono miwili, akampa.

"Atanipigia mimi, shangazi," alisema. "Na nitaongea."

Shangazi alimtazama kwa muda, toka utosini mpaka miguuni, kama anavyoitazama kazi iliyomchukua miaka na hakuwa na hakika kama itakaa sawa ikishatundikwa. Akaikaza midomo.

"Haya, mama," alisema, kwa jina analopewa binti akishakuwa mtu mzima. "Tumekusikia."